Nauli ya Ulaya

Upumbavu wangu ulikuwa huu: nilimwomba baba nauli ya kwenda Ulaya. Nilimwomba kwa simu ya mama, kwa sauti ya mama, siku chache tu kabla wao wawili hawajaketi mbele ya afisa ustawi kuzungumzia kama mimi nastahili chumba cha kulala.

Usinione chizi, ngoja kwanza. Ulaya yetu haina malkia wala uwanja wa ndege. Ni kijiji kilicho njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi, chenye mahindi, na mbuzi wanaovuka barabara kama vile waliijenga wao, na mtu wa kule akikuambia kazaliwa Ulaya hajakudanganya. Kila mtoto wa Kilosa ameshampiga mgeni fiksi kwa jina hilo. Mimi utani huo niliurithi kwa baba, na ndio urithi pekee niliopata bila watu kubishana.

Nilikuwa mdogo, wao bado wako pamoja, baba ni utingo wa lori la mahindi. Siku moja akanipandisha mbele, katikati yake na dereva. Nakumbuka vipande tu, kama ndoto uliyoamshwa kabla haijaisha: harufu ya dizeli, goti la baba lenye kovu, na ule mngurumo uliokuwa unanibembeleza macho yakiwa wazi. Kisha hewa ikajaa weupe. Yalikuwa majira ya misufi kupasuka, na sufi ilikuwa inaelea juu ya barabara, haishuki, haipandi, imetulia tu kama kitu kilichosahau kinakwenda wapi. Kipande kimoja kikaingia dirishani kikatua kwenye nywele zangu. Baba akaninong'oneza, "Tumefika Ulaya. Hiyo ndiyo theluji. Haya, ongea Kizungu." Nikasema gudi moning ticha. Dereva alicheka mpaka lori likapunguza mwendo.

Tangu siku ile, kichwani mwangu, Ulaya ni mahali ambapo theluji ina joto na baba yupo karibu.

Sasa tunaishi mimi na mama, Kilosa, chumba kimoja cha kupanga upande wa stesheni ya zamani. Katikati kuna pazia la kitenge chenye tausi. Upande wa mlango ni wangu, wa dirisha ni wa mama. Asubuhi jua likipiga dirishani tausi wale wanawaka, na kama kuna upepo unatoka mto Mkondoa wanaanza kuogelea. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawatazama mpaka nawachanganya na ndoto, sijui nimeamka au wao ndio wamelala. Sijawahi kuona ukuta mzuri kama ule. Shida ni kwamba mimi nilirefuka, kitenge hakikurefuka. Miguu ikaanza kutokea kwa mama. Sauti ikavunjika, na mama akasema nakoroma kama pampu ya maji. Yeye akitaka kuvaa, mimi natoka uani. Mimi nikitaka kuvaa, yeye anakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Tukawa kama treni za njia moja: mmoja anasubiri stesheni, mwenzake apite. Hakuna aliyelisema hilo. Mambo ya namna ile kwetu hayasemwi, yanapishwa.

Halafu mpangaji wa chumba cha jirani akahamia Kimamba. Chumba chake kidogo, ila kina dirisha linalotazama milima. Mwenye nyumba akamwambia mama atatusubiri mwezi uishe, zaidi ya hapo anaingiza mtu. Basi mimi nikahamia kabla ya kuhamia. Mwalimu wa Hesabu akiuliza x iko wapi, mimi nilishaiweka chini ya dirisha na kuitandikia shuka. Nilipigilia misumari ya kutundika nguo wakati wa Jiografia. Wakati wa Uraia nilikuwa nimelala kule chali, miguu yote iko kwangu, ukungu wa milimani unaingia dirishani kunisalimia, na sisikii mtu mwingine akipumua. Raha hiyo ilinitia haya kidogo, maana aliyekuwa akipumua ni mama yangu.

Lakini chumba kina kodi, na mama peke yake asingeiweza. Ndipo anapoingia baba.

Baba alishahamia Mikumi. Anaziba pancha za malori pembeni ya barabara kuu. Ana mke mwingine na mtoto mchanga wa kike. Niseme haki: hela ya matumizi hakosi kutuma, na ikichelewa ni kwa sababu malori yamechelewa. Ila ana sheria yake, ambayo nadhani aliitunga akiwa chini ya trela, kwamba yeye analipia kinachomwingia mtoto. Chakula kinaingia mdomoni, analipa. Shati mtoto analivaa, linahesabiwa limeingia. Sindano inaingia kabisa, hata haina ubishi. Masomo yanaingia kichwani, na hapo alikuwa na mashaka yake, lakini alilipa. Kunyoa ndiko alikokugomea, kwamba kunyoa kunatoa, hakuingizi kitu, na tena mama wa mtoto ana saluni. Mama akamjibu saluni yake ni ya kusuka, kama anataka mwanawe aende shule na msuko wa twende kilioni basi aseme. Baba akalipa kunyoa. Kuhusu chumba alijibu kwenye simu, na mimi nilikuwa nimetega sikio.

"Chumba hakimwingii mtoto," alisema. "Mtoto ndiye anayeingia chumbani."

Kiukweli nilicheka. Ilikuwa sentensi tamu, hata mimi ningejisifu nayo. Mama hakucheka. Alikata simu akaifuta kioo kwa kanga, polepole, kama vile maneno ya baba yameacha alama za vidole.

Kesi yangu ilisikilizwa saluni mara nyingi kuliko ilivyosikilizwa ofisini. Saluni ya mama ni kibanda cha mbao chenye kioo kimoja kirefu, viti vya plastiki, na feni inayozunguka kwa kujionea huruma. Kazi yangu baada ya shule ni kufagia nywele. Mchana wa joto, feni inalia, nywele zinajikusanya sakafuni kama vinyama vyeusi vilivyolala, na sauti za wanawake zinapanda na kushuka mpaka unasahau wanazungumza juu yako. Mama mmoja anayenunua mpunga Tindiga, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, aliposikia sheria ya baba aliuliza, "Na choo je? Choo hakimwingii mtoto. Nani alipie?" Wakacheka mpaka mama akapoteza mstari aliokuwa anaugawa.

Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri kupakwa piko yeye alisimama na baba. Akasema nyumba ni nyumba. Mwanamume akilipa kodi ya mahali unapolala, amelipia na usingizi wako, na hakuna sababu ya mtu kugharamia usingizi wa mke aliyekwisha kumwacha. Tena kule ana mtoto mwingine, yule naye analala hewani?

Hata mimi niliona bibi amepiga penyewe.

Mama hakuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anasuka. "Chumba changu nalipa mwenyewe, bibi, na usingizi wangu nalipa mwenyewe," alisema. "Nazungumzia kile cha pili. Nusu yangu, nusu yake. Mtoto mwenyewe tulimpata hivyo hivyo, nusu kwa nusu."

Sasa turudi kwenye upumbavu. Vidole vya mama mchana kutwa vina mafuta ya nywele, kwa hiyo karani wa simu ni mimi. Jumatatu moja alinituma nimwandikie baba kwamba kikao cha ustawi ni Alhamisi asubuhi, asichelewe. Mama hamwandikii baba bila salamu, hata awe na hasira za kupasua chungu. Nikaandika habari za kazi, nikaandika kikao, nikatuma. Simu ikabaki mkononi. Nje ya mlango, juu ya mabati, sufi ilikuwa inapita, sijui imetoka msufi gani, inapita kama watu wasio na shughuli. Moja ikaja ikagusa kioo cha simu, ikakaa. Mimi nikaona ishara. Vidole vikaandika vyenyewe: "Usisahau na nauli, shule inampeleka mtoto Ulaya."

Nikatuma. Kisha nikaufuta ujumbe mama asiuone.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Baba atasoma, atajua papo hapo ni mimi, atacheka, atapiga simu aniambie niongee Kizungu. Na mtu aliyecheka Jumatatu hawezi kukataa chumba Alhamisi. Nilisahau kitu kidogo tu, kwamba simu haionyeshi kidole cha nani kimeandika. Baba hakupiga. Nikajiambia atakuwa chini ya lori.

Alhamisi afisa ustawi alitukaribisha vizuri. Dada mpole, mgeni, alikuwa amehamishiwa kwetu karibuni kutoka kanda ya ziwa, bado anauliza soko liko upande gani. Mama alieleza kuhusu pazia. Alieleza kwa maneno machache huku akitazama meza, na mimi nilitazama dirisha, na baba alitazama viatu vyake vyenye vumbi la Mikumi. Afisa akamgeukia baba. Akamwambia taratibu kwamba watu wengi huchanganya. Matumizi ni ile hela. Matunzo ni mtoto mwenyewe: ale, avae, asome, atibiwe, na alale mahali panapomfaa, na kijana wa umri huu hawezi kulala pazia moja na mama yake. Nikamwona ameshika kalamu. Nikauona mlango wa chumba changu unafunguka, dirisha lile, milima ile.

Baba akatoa simu mfukoni. Alisema afisa kabla hajaandika, asome kwanza, aone anavyoombwa hela.

Afisa alisoma. Alivua miwani, akaivaa tena. "Mama," alisema, "Ulaya? Si umesema anasoma shule ya kata?"

"Ni Ulaya hii ya kwetu, afisa," baba akasema.

"Ya kwenu ipi?"

"Ya hapa njiani. Sasa niambie, ni shule gani inapeleka watoto Ulaya? Wakatazame nini, sufi?" Sauti yake ilikwama kwenye neno hilo la mwisho. Nililisikia likikwama, sikujua kwa nini. Akaendelea kwamba leo kaombwa Ulaya, akishalipa chumba ataambiwa na pazia la dirisha, na hela ya kulala hotelini.

Siku nyingine yoyote ningekufa kwa kicheko, serikali nzima imeduwaa kuhusu Ulaya. Lakini siku ile kicheko hakikuja. Mama aliomba ile simu. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Ujumbe ule haukuwa na salamu. Aliinua uso akanitazama mara moja tu, jicho lisilo na hasira wala swali. Hapo mtoto mwenye adabu angesema. Mimi ulimi wangu, unaojua kujibu walimu kabla hawajauliza, ulilala.

"Namba ni yangu," mama akasema. Basi.

Afisa akafunika kalamu. Akasema yeye anaweza kuandika mambo ya chumba, lakini karatasi yake haiwezi kuwafanya watu waaminiane. Wakazungumze kwanza, warudi.

Njiani mama alitangulia. Nilitembea nyuma ya kivuli chake, na kivuli kile kilikuwa kinapita juu ya mawe na majani na maganda ya miwa bila kugusa kitu, mpaka nikaona kama ni mimi tu ndiye mzito duniani. Nyumbani alinipakulia chakula, akakaa upande wake wa pazia. Jua la jioni lilimchora kwenye kitenge, ameinamisha kichwa, tausi wamemzunguka. Nilisubiri anichape kwa maneno. Hakunichapa. Ndiyo kwanza nikaelewa ukubwa wa kile nilichovunja. Chumba ningeweza kukosa, nikaendelea kukunja miguu. Lakini mama yangu alikuwa ameonekana mwongo mbele ya ofisi na mbele ya baba, na neno lake ndilo lililokuwa limebeba chumba chote, kuta, dirisha na milima.

Kesho yake nilimwomba ruhusa ya kwenda Mikumi Jumamosi. Hakuuliza kuna nini. Alifungua fundo la kanga, akaniwekea nauli kiganjani, akanifunga vidole kimoja kimoja kama ananifunza kuhesabu.

Basi lilikuwa na nafasi nyingi. Nilikaa dirishani nikaegemeza kichwa kwenye kioo kinachotetemeka, na njia nzima nilikuwa katikati ya kulala na kutolala. Tulipofika Ulaya misufi ilikuwa imesimama na mifuko yake imepasuka, sufi inatoka kama pumzi. Hakuna aliyeshangaa. Kondakta alikuwa anatafuna karanga. Nilijaribu kuongea Kizungu, kimoyomoyo, nikakuta nimesahau.

Mikumi barabara inawaka. Kwa mbali lami inaonekana kama maji, na malori ya kwenda Tunduma yanatokea ndani ya yale maji, kwanza hayana magurudumu, yanaelea, kisha yanakuwa malori. Baba nilimkuta miguu tu, sehemu nyingine iko chini ya trela.

"Shikamoo baba," niliiambia ile miguu.

"Marahaba." Miguu ikatulia. "Nani kakuleta?"

"Nauli."

Akatoka, uso wote grisi. Nilimsalimia na mama mdogo, mke wake, akaniitikia marahaba baba, akaniletea maji ya kunywa. Kivulini palikuwa na tairi kubwa la lori limelazwa, ndani yake kanga imekunjwakunjwa, na ndani ya kanga amelala mdogo wangu, ngumi zote mbili hewani. Kumbe bibi wa saluni hakukosea sana. Nyuma ya banda lile kuna chumba kimoja. Ndiyo nyumba yao yote.

Nilikuwa nimepanga kuanza kwa mbali, na mzaha wa kulainisha. Mizaha yote ikanikimbia. Nikamwambia tu: baba, ule ujumbe wa Ulaya niliuandika mimi. Mama alikuwa hajui. Hata alipousoma pale ofisini alikuwa anauona mara ya kwanza.

Baba alichukua kitambaa akaanza kufuta vidole, na akaendelea kuvifuta hata vilipokwisha kuwa safi.

"Kwa nini Ulaya?" akauliza.

Nikamkumbusha lori, theluji, gudi moning ticha. Nikasema nilitaka acheke.

Akakaa juu ya rimu. Alitazama barabara, ile sehemu inayofanana na maji.

"Nilipomchumbia mama yako sikuwa na kitu," alisema. "Nikamwambia ukinikubali nakupeleka Ulaya. Akanikubali. Nikampeleka, juu ya magunia ya mahindi. Sufi inaruka. Nikamwambia theluji hiyo. Alicheka mama yako, alicheka mpaka akakaa chini barabarani." Lori likapita. "Sasa nimekaa hapa, naona ujumbe kwenye namba yake, nauli ya Ulaya. Nikajua ananikumbusha kwamba sikuwahi kumfikisha mbali zaidi ya pale."

Nilitamani tairi lile linimeze na mimi. Miaka yote nilidhani kile kicheko ni changu na baba. Kumbe nilikiokota njiani, kina wenyewe.

Mama mdogo alikuwa karibu, anachambua mboga, na sijui alisikia kiasi gani. Hakuinua uso.

Kukaa kimya sijajaliwa. Baada ya kula ugali, baba akiwa anajaza upepo tairi la nyuma la lori moja, nikamwambia sheria yake ina pancha. Akauliza sheria gani. Nikasema ile ya kinachomwingia mtoto. Nikasema baba, wewe unauza upepo. Mtu anakupa hela taslimu kwa kitu asichokiona, hakimwingii yeye, kinaingia kwenye tairi, na yeye anaingia kwenye lori. Hujawahi kumwambia dereva kwamba upepo haumhusu.

Kompresa ya upepo inanguruma, uso wa baba hauonyeshi kitu. "Shuleni mnafundishwa hayo?"

"Hapana, nayapata wakati wa Hesabu."

Mdomo wake ulitikisika pembeni. Akapima tairi kwa nyundo, likatoa mlio mzuri, akanyooka akashika kiuno. Akatazama lile tairi lililolazwa kivulini, lenye mtu ndani. "Na huyu naye atarefuka," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akaniuliza mwenye nyumba wetu alikuwa anataka kujibiwa lini. Nikasema mwezi ukiisha. Akasema basi nusu ya kile chumba ni juu yake, jeki mpya aliyopanga kununua itasubiri, ile ya zamani bado inapandisha. Lakini nisije nikadhani ni kwa maneno yangu ya upepo.

"Ni kwa nini basi?"

"Kwa sababu mama yako hakuwa ananicheka," alisema, akarudi chini ya trela.

Nilipokuwa naondoka alivuka barabara kwenda kwa mwanamke anayeuza mito ya sufi, akarudi na mmoja, mweupe, umejaa mpaka unasimama. Akanitupia kifuani.

"Huu haukuingii," alisema. "Wewe ndiye utakayeuingia, kichwa chote."

Nilicheka mimi, alicheka yeye, na mama mdogo huko nyuma akatwambia tutamwamsha mtoto.

Kurudi nilikaa upande ule ule na mto nimeupakata. Ulikuwa mwepesi kama nimepakata nafasi tu. Jua lilikuwa linashuka upande wa milima, na tulipoingia Ulaya hewa yote ilikuwa na rangi ya chai, na sufi bado inapita ndani yake, taratibu. Nadhani nilisinzia, kwa sababu niliwaona pembeni ya barabara. Baba mwembamba, goti lake halina kovu bado. Mama amekaa chini kabisa kwenye vumbi, gauni limeenea, weupe umemjaa kwenye nywele ambazo hakuna mtu amezisuka, anacheka na hakuna sauti. Nilitaka kumwambia kondakta asimamishe. Nikafumbua macho, palikuwa na mbuzi.

Nilimkuta mama saluni, anamalizia kichwa cha yule mama wa mpunga. Nikasalimia. Nikasimama katikati ya nywele za sakafuni na mto wangu kama mgeni aliyekosea nyumba, nikaeleza yote, mbele ya mteja, maana nilijua nikisubiri tubaki wawili ulimi utalala tena. Nikaeleza nilivyoandika na nilivyofuta, na kwamba nilikuwa nimenyamaza ofisini. Nikasema baba amekubali nusu, na mwenye nyumba aambiwe. Kuhusu magunia ya mahindi na mtu aliyecheka mpaka akakaa chini nilisema kidogo tu, kwa sauti ya chini, na mama wa mpunga akapata kazi ya kujitazama kucha.

Mama alifunga fundo la mwisho la uzi. Alifuta vidole kwenye kanga, vyote, mpaka katikati, kisha akauchukua mto. Aliubonyeza. Akauweka shavuni, kidogo sana, kama mtu anayepima chuma kama bado cha moto. Upande mmoja mshono ulikuwa umeachia, na kipande cha sufi kikatoka, kikapanda, feni ikakishika ikakizungusha juu ya vichwa vyetu, na sisi watatu tukakifuata kwa macho mpaka kikapotea kwenye kioo.

"Alicheka?" akaniuliza, bila kunitazama.

Nikasema ndiyo, mwishoni baba alicheka.

Akaitikia kwa kichwa. Akanirudishia mto, akanipa na fagio. Maneno yake yalikuwa haya, sijaongeza wala kupunguza:

"Chumba utapata. Lakini simu yangu ukiigusa tena, Ulaya utakwenda kweli, na utakwenda kwa miguu."